Hesabuni Kaa, Si Miche

Kila ifikapo Julai 26, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, vijiji vya pwani hupokea wageni. Mheshimiwa huvaa buti za mpira, huinama, huchomeka mche topeni huku kamera zikimlenga, kisha mtu hushika kipaza sauti na kutaja idadi: elfu kumi, elfu hamsini, laki. Idadi hiyo ndiyo inayokwenda gazetini, na ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti ya mfadhili. Kaa hatajwi. Kamba hatajwi. Samaki akitajwa, hutajwa kwa ahadi: “mazalia ya samaki yataongezeka.” Nani atarudi baada ya miaka mitano kuangalia kama yameongezeka, hilo haliulizwi.

Mche ni gharama ya mradi, si matokeo yake. Tunaposema tunarudisha makazi ya pwani, wenye makazi hayo ni wanyama, na mradi upimwe kwa waliorejea: ni akina nani, wangapi, na nani bado hajaonekana. Ukiipima kwa kipimo hicho, baadhi ya kazi tunazozipigia makofi haina cha kuonyesha, na nyingine isiyo na picha ya kuvutia inageuka kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Mfano mzuri tunao karibu. Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, ilikatwa mikoko yake kwa fujo katika miaka ya 1970, kuni zikienda viwandani. Sehemu zilizokatwa hazikuota tena zenyewe. Zilibaki tope tupu linalopigwa na jua, lenye chumvi inayopanda kila maji yakipwa. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), James Kairo akiwa mstari wa mbele, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Hawakupanda aina moja. Palipofaa mkoko, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani, waliweka mkoko. Upande wa bahari wakaweka mlilana. Penginepo mchu na mkandaa. Kila mti una kimo chake cha maji unachokivumilia, na wazee waliokuwa wakikata boriti wanakijua kimo hicho bila kusoma kitabu.

Kilichonivutia mimi ni kilichofuata baadaye. Mwaka 2004 Jared Bosire na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza wanyama wa matopeni hapo Gazi. Walilinganisha sehemu za aina tatu: msitu wa asili, sehemu zilizopandwa miaka mitano kabla, na sehemu zilizoachwa wazi. Kaa walikuwa wengi zaidi kwenye miti iliyopandwa kuliko kwenye tope tupu. Wanyama wadogo wanaoishi ndani ya tope, minyoo na jamaa zake, nao walikuwa tele chini ya miti, ya asili na ya kupandwa, kuliko pale palipo wazi. Lakini aina za kaa hazikuonyesha mwelekeo ulio wazi. Wingi ulirudi, ila aina ni habari nyingine, na mwandishi mwenye haraka ya kutangaza ushindi angeiruka.

Kwa nini kaa? Inama ukaangalie maji yakipwa. Juani, kwenye tope tambarare, utawaona kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kupita mwili wake na jingine dogo la kulia chakula. Huokota tope kwa gando dogo, hulichuja mdomoni kupata vijimea visivyoonekana kwa jicho, kisha hutema kitonge. Baada ya saa moja uwanja wote umejaa vitonge vilivyopangika kuzunguka matundu. Hao ni wa juani. Ingia kivulini, kwenye miti iliyokomaa, utakuta wengine, wenye mwili mpana na mwendo wa wasiwasi. Hao hula majani. Jani likianguka, kaa hulidaka kabla maji hayajalichukua, hulikokota hadi tunduni na kushuka nalo.

Tendo hilo dogo ndilo linalobeba msitu. Jani lililozikwa linabaki na rutuba yake papo hapo badala ya kwenda na maji. Tundu linaingiza hewa na maji kwenye tope ambalo, bila hivyo, halina oksijeni vidole vichache tu chini, na hujaa ile harufu ya yai bovu ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Mizizi hupumua vizuri zaidi palipo na matundu. Kwa hiyo ukiniuliza kama msitu uliopandwa umeanza kuwa msitu, sitakwenda kupima urefu wa miti. Nitaangalia kama kaa wa juani wameanza kuwapisha kaa wa kivulini.

Lakini tusiwafanye kaa malaika. Hao hao hula miche. Tunda la mkoko huota likiwa bado mtini, likaning'inia refu, na likidondoka kaa hulirukia. Watafiti waliofanya kazi Gazi walikuta kaa ndio walaji wakubwa wa miche inayoanguka, na konokono mkubwa wa mikokoni, tondo, naye hushiriki karamu. Mpandaji anayeona nusu ya kitalu chake imekatwa shingo usiku mmoja hana hamu ya kusikia sifa za kaa. Na mililana ya Kenya ina adui mwingine: mabuu ya nondo na ya mbawakawa yanayotoboa matawi hadi yakakauka. Wote hao ni wanyama, wote ni wa mikokoni. Makazi yakirudi, hurudi na wenyeji wote, wazuri na wasumbufu, na msitu usio na msumbufu hata mmoja ungenitia shaka.

Huko delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Tanzania, uhasama huu umefika mbali zaidi. Watu walifyeka mikoko kupanda mpunga. Kaa wakakata mpunga ukiwa mchanga, na baadhi ya wakulima wakatumia sumu kuwaua. Baada ya misimu kadhaa magugu hushinda, shamba hutelekezwa, na mradi huja kupanda mikoko pale pale. Nani atakayezika majani? Nani atakayetoboa tope? Ukipanda mti mahali ambapo umeshamuua fundi wake, utangoja sana.

Sasa tuje kwenye lile ambalo kwangu ni kosa kubwa kuliko yote: kupanda mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mikoko. Sababu inaeleweka. Ardhi ya mikoko iliyokatwa mara nyingi ina mwenyewe: ni shamba la chumvi, bwawa la samaki, kiwanja cha hoteli, au kuna kesi mahakamani. Tope la wazi upande wa bahari halina anayelidai. Mkoko nao ni rahisi kupanda, unachomeka tunda tu. Basi watu hupeleka miche huko, kwenye tope linalofunikwa na maji muda mrefu mno, au katikati ya nyasi bahari. Ufilipino walifanya hivyo kwa miongo kadhaa na kwa fedha nyingi. Mwaka 2008 Jurgenne Primavera na J. M. A. Esteban walipopitia matokeo, walikuta miche iliyodumu kwa jumla ni kati ya asilimia 10 na 20. Watu waliolipwa kupanda walipanda kweli. Maji yakaing'oa.

Na ile inayofaulu kusimama mahali pasipofaa inaweza kuwa hasara zaidi kwa wanyama. Tope tupu machoni pa mgeni ni ukiwa, ila kwa sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda anayeshuka kwetu kutoka kaskazini ya mbali kila mwaka, ni meza ya chakula. Huhitaji uwazi ili aone adui, na tope laini afikie minyoo na kaa. Nenda Mida, karibu na Watamu, maji yakipwa, uone ndege walivyotapakaa. Jaza miti hapo, utakuwa umewafukuza wageni waliovuka mabara ili upate hekta ya kuandika kwenye ripoti. Nyasi bahari nazo zikipandwa juu yake mikoko, anayepoteza ni samaki tafi na kamba mchanga.

Kinyume chake, kuna kazi ambayo haina miche kabisa. Mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa, tuliyo nayo kuanzia Ngomeni hadi Tanga na kwingineko, yana matuta yaliyozuia maji ya bahari. Vunja tuta mahali sahihi, rudisha njia ya mkondo, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likija litaingia na kutoka na kuosha chumvi. Maji hayo huleta matunda ya mikoko yanayoelea, na huleta pia mabuu ya kaa na ya kamba, ambayo ni madogo kiasi kwamba hakuna mradi unaoweza kuyapanda hata ungetaka. Kazi ya namna hii ni ya sepetu, ya kupima kimo cha ardhi na kungoja. Haina cha kupigwa picha, na ndiyo maana hatuifanyi vya kutosha.

Kuhusu samaki, hapa naomba msomaji awe na subira, maana ndipo maneno matamu yanapotiririka zaidi. “Panda mikoko upate samaki” ni kweli nusu. Hapo hapo Gazi, watafiti walipolinganisha samaki wa sehemu zenye miti na wa sehemu zilizokatwa, hawakukuta lile pengo kubwa ambalo wengi wetu tungelitarajia. Utafiti mwingine wa Gazi, wa mwaka 2005, uliwakuta kamba wachanga wakiitumia mikoko iliyopandwa kama malezi yao, na hiyo ni habari njema. Ila samaki ni mtu wa safari, na safari yake inaamuliwa na maji.

Pwani yetu maji hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita nne. Sehemu za dunia ambako maji hayachezi hivyo, samaki mchanga anaweza kukaa mikokoni usiku na mchana. Kwetu hawezi. Maji yakipwa, mikoko hubaki mikavu, na kila samaki lazima awe ameshatoka. Anakwenda wapi? Kwenye mkondo, au kwenye nyasi bahari zilizo mbele ya msitu. Maji yakijaa anarudi. Mara mbili kwa siku, kila siku, hadi awe mkubwa wa kutosha kwenda mwambani. Msitu mzuri wenye mchanga mtupu mbele yake ni chumba chenye mlango lakini hakina ukumbi: mtoto wa changu hana pa kungojea maji.

Kwamba safari hiyo ipo si dhana. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vya sikio, na vijiwe hivyo hukua kwa tabaka, kila tabaka likihifadhi alama ya kemia ya mahali samaki alipokuwa akila. Mtanzania Ismael Kimirei na wenzake walivisoma vijiwe vya samaki waliovuliwa kwenye matumbawe ya Tanzania, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba baadhi ya samaki wakubwa wa mwambani walikuwa na alama ya utoto wa mikokoni na nyasi bahari. Tembo uzi anayeletwa sokoni na mvuvi wa mwambani huenda alilelewa kijiji cha pili, kwenye ghuba ambayo mvuvi huyo hajawahi kutia mguu. Ndiyo maana mipaka ya miradi yetu, hekta hizi za kikundi hiki na hekta zile za kikundi kile, haina maana yoyote kwa samaki.

Basi tuseme tumeelewa, tunapanda na nyasi bahari. KMFRI wamekuwa wakijaribu hilo Gazi pia. Ni kazi ngumu kuliko mikoko, unapanda ukiwa majini, na mkondo haukusubiri. Lakini hata ikifanikiwa, kuna mlaji. Yule mnyama wa miba mifupi (sea urchin kwa Kiingereza) anayejitwika vipande vya majani na makombe mgongoni hula nyasi bahari, na akizidi husogea kwa mstari akiacha nyuma yake mizizi na mchanga. Ndani ya mwamba wa pwani ya Kenya hali hiyo imeshaonekana. Na kwa nini azidi? Kwa sababu anayemla ameliwa. Tim McClanahan amefanya utafiti wa miamba ya Kenya kwa miaka mingi, na moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba kikande, yule samaki mkaidi mwenye meno ya kuvunja gamba, ndiye mlinzi mkuu dhidi ya wanyama hao wa miba. Kwenye hifadhi ambako uvuvi umezuiwa, kama Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, kikande yupo na wa miba ni wachache. Kwenye miamba inayovuliwa bila kipimo, kikande huisha mapema, na wa miba hutawala.

Kwa hiyo kupanda nyasi bahari mahali pasipo kikande ni kuwaandalia chakula wa miba. Na kuzipanda mahali ambapo juya, ule wavu wa kukokota, bado linakokotwa ni kufanya kazi ya bure kabisa, maana juya hung'oa kwa kuvuta moja kile ulichopanda kwa mwezi. Sheria inakataza juya. Kila mtu anajua linavutwa wapi na ni la nani.

Fremu za chuma na saruji za kukuzia matumbawe, ambazo sasa zimeenea kuanzia Wasini hadi Unguja, nitazigusa kwa ufupi. Samaki huzijaa haraka, na video zake ni nzuri. Ila mvuvi yeyote aliyewahi kuzamisha mti baharini apate mahali pa kuvulia anajua kwamba samaki waliokusanyika si lazima wawe samaki walioongezeka. Huenda wamehama tu kutoka mwamba wa jirani. Nani anahesabu mwamba wa jirani? Na joto la bahari la mwaka 1998 lililochubua matumbawe mengi ya ukanda huu halikubagua ya kupandwa na ya asili. Halafu yupo nguva, ambaye hula karibu nyasi bahari tu na huzaa mtoto mmoja kwa miaka kadhaa. Kwetu wamebaki wachache mno. Huyo hata tukimrudishia malisho yote leo, wajukuu zetu ndio watakaojua kama ilisaidia, na wavu mmoja wa jarife ukitegwa vibaya unafuta kazi yote.

Nimebakiza fedha. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni ni fahari ya haki. Tangu mwaka 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yameleta maji na vifaa vya shule kijijini. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mdogo wake, Vanga Blue Forest, unashughulikia hekta 460 karibu na mpaka wa Tanzania. Hii ni miongoni mwa miradi michache ambayo mwanakijiji anaona kwa macho kwamba mti uliosimama unalipa kuliko mti uliokatwa. Siidharau hata kidogo.

Lakini mnunuzi wa hewa ya ukaa analipia tani. Hamlipii kaa, wala kamba, wala sululu. Ukiwa na msitu wa aina moja ya mti, uliopandwa kwa mistari kama katani, tani zake zinauzika vilevile. Soko likiachiwa lichague, litachagua mti unaokua haraka na unaopimika kwa urahisi. Kichekesho ni kwamba kaboni nyingi ya mikoko haiko kwenye shina, iko kwenye tope, na mmoja wa wanaoishusha huko ni yule yule kaa anayekokota majani. Mnunuzi anapata kazi yake bure.

Ningependa mikataba mipya iwe na kifungu cha wanyama, na kifungu hicho kiwe na bajeti. Vifaa havitishi: fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, kamba ya kupimia mstari kutoka nchi kavu hadi majini, daftari, na kalamu isiyofutika kwa maji. Matundu ya kaa yahesabiwe maji yakipwa, wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwaka, kusi na kaskazi. Wahesabuji wawe akina mama wanaookota tondo na chaza, ambao tayari wako hapo na wanatofautisha tundu la kaa na tundu la kambamti kwa kutazama tu, na walipwe kwa siku ya kazi kama anavyolipwa mpandaji. Mvuvi wa jarife aandike samaki wachanga anaowapata mbele ya msitu uliopandwa na mbele ya msitu wa asili, maana bila kulinganisha na wa asili namba haisemi kitu. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na kusomwa kwenye baraza, yasiishie kwenye kompyuta ya mtaalamu mjini. Na mradi ukifika mwaka wa tano matundu hayajaongezeka, fedha za mwaka wa sita ziende kufungua njia ya maji, zisinunue miche mingine.